Shajara ya mradi: kuzisikiliza santuri zangu zote kabla ya kuamua zipi zibaki

5 Januari

Ninaianza shajara hii kwa sababu hamu yangu ya kukusanya santuri imefifia, na sitaki jambo nililolilea kwa miaka 14 limalizwe na uamuzi wa jioni moja. Dalili iliyonishtua ni kifurushi kilicholetwa mwezi Novemba. Ndani yake mna santuri mbili nilizozitafuta kwa muda mrefu, lakini kimekaa mezani wiki saba bila kufunguliwa, ilhali miaka michache iliyopita nisingevua hata viatu kabla ya kuichana karatasi yake. Sikuwa mgonjwa, wala kazi hazikunizidi. Sikutaka tu kukifungua.

Nimejiwekea masharti manne. Sitanunua santuri yoyote mwaka huu. Kila santuri niliyo nayo itapigwa yote, upande wa kwanza na wa pili, nikiwa nimeketi na simu ikiwa chumba kingine. Baada ya kila moja nitaandika sentensi moja kwenye daftari. Hakuna santuri itakayotoka katika nyumba hii kabla ya kusikilizwa, na sharti hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, kwa maana najua kwamba mtu aliyechoka huuza kwa haraka, kisha hujuta polepole.

11 Januari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya wiki hii imenionyesha ukweli wa neno hilo. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba nina santuri “kama mia nne”. Nimezihesabu mara mbili na ni 538, bila kuhesabu zile ndogo za inchi 7, ambazo nimeziweka kando ya mradi huu. Nilichukua kumi bila kuchagua, nikazipima pamoja na majalada yake, nikapata wastani wa gramu 250 kwa kila moja. Kwa hiyo rafu zangu zinabeba zaidi ya kilo 130, na sasa naelewa kwa nini ubao wa chini umepinda katikati.

Takwimu mbili zimenikalisha kimya. Santuri 97 bado zimo ndani ya plastiki ya kiwandani na hazijawahi kupigwa hata mara moja. Nyingine 61 ni marudio, yaani muziki uleule katika chapa tofauti: chapa ya kwanza, chapa ya nchi nyingine, chapa nzito ya gramu 180, chapa ya maadhimisho. Ukijumlisha, takriban tatu katika kila kumi nilizinunua kwa sababu nyingine isiyokuwa kusikiliza kitu ambacho sikuwa nacho.

19 Januari

Nimepiga hesabu ya muda. Nikikadiria dakika 40 kwa santuri moja, santuri 538 zinahitaji saa 359 hivi. Sindano ya kawaida ya almasi hushauriwa kubadilishwa baada ya saa 500 hadi 1,000 kulingana na umbo la ncha yake, na yangu ni ya aina ya chini, yaani ya saa 500, kwa hiyo mradi huu peke yake utakula zaidi ya theluthi mbili ya uhai wake. Kila upande wa santuri una mfuo mmoja tu, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na lebo, na upande wa dakika 20 ukinyooshwa mfuo wake hufikia takriban mita 440. Kwa pande zote 1,076, sindano itasafiri karibu kilomita 470.

Hesabu hii imenisaidia kuliko nilivyotarajia. Kwa miaka mingi niliupima mkusanyiko kwa idadi na kwa urefu wa rafu, na sikuwahi kuupima kwa saa za kusikiliza. Iwapo mtu anasikiliza saa tatu kwa wiki, ambazo kwa uaminifu ndizo nilizokuwa nikisikiliza mimi, basi akimaliza kuzunguka mkusanyiko kama wangu mara moja itakuwa imepita miaka miwili na zaidi. Na katika miaka miwili hiyo mimi ningekuwa nimenunua nyingine mia na ushei.

2 Februari — zimesikilizwa 31

Mwendo ni wa polepole kuliko mpango wangu wa santuri 12 kwa wiki. Kinachonichelewesha ni kukaa tu. Ninaweka sindano, wimbo wa kwanza unaanza, na kabla haujaisha nimeshainuka kwenda kusoma namba zilizochorwa katika eneo tupu karibu na lebo, zile zinazoonyesha mfuo wa santuri ulikatwa na nani na ni chapa ya ngapi. Mkono umezoea kuhakiki. Mara mbili nimejikuta nimeinua sindano baada ya nyimbo mbili kwa kuwa “nimeshathibitisha” kwamba nakala ni nzima.

Nimetafakari sana jambo hili kwa sababu linakwenda kinyume na chombo chenyewe. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba dakika tatu hadi tano kila upande, na msikilizaji alilazimika kuinuka kila mara. Juni 1948 kampuni ya Columbia ilizindua santuri ndefu ya vinaili, ambayo ni aina ya plastiki, yenye kipenyo cha inchi 12 na kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, na faida yake kuu ilikuwa kumwezesha mtu kuketi dakika 20 na zaidi bila kuguswa na lolote. Mimi nimejaza chumba kwa chombo kilichobuniwa ili mtu aketi, nami sijui tena kuketi. Nimehamisha kiti mbali na mashine, hatua saba, ili kuinuka kuwe kazi.

23 Februari — zimesikilizwa 72

Wiki mbili hizi nimezitumia kwenye marudio, na nitaandika kwa kirefu kwa kuwa hapa ndipo fedha na fahari yangu nyingi zilipolala.

Nina albamu moja katika chapa sita. Nilizinunua kwa kuamini kwamba kila moja ina sauti yake, na nimewahi kuitetea imani hiyo mbele ya watu kwa ukali nisiojivunia leo. Nilimwomba mdogo wangu anisaidie jaribio: yeye abadilishe santuri nikiwa nimegeukia ukuta, nami nitaje ni ipi. Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba chapa hizo hazikukatwa kwa kiwango kimoja cha sauti, na ile yenye sauti ya juu zaidi niliisifu kila mara kuwa “ina uhai”. Tuliposawazisha sauti, uhai ule ulitoweka. Jambo la pili ni kwamba baadhi nilizitambua kwa mikwaruzo yake tu, kwa hiyo tukabaki na mbili zilizo safi sawasawa, ambazo siku zote nilidai zinatofautiana kama mchana na usiku. Katika majaribio 12 nilipatia 7. Mtu anayerusha sarafu angeweza kupata vivyo hivyo.

Sisemi kwamba chapa zote ni sawa. Chapa moja kati ya zile sita niliitambua bila kukosea, na sababu yake inaeleweka. Santuri huzunguka kwa kasi isiyobadilika, lakini mzunguko wa ukingoni ni mrefu kuliko ule wa karibu na lebo, hivyo kila sekunde mfuo hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 mwanzoni mwa upande, na kwa sentimita 21 hivi unapokaribia mwisho kabisa. Mawimbi yaleyale ya sauti hubanwa katika nafasi isiyofika nusu, na sindano hushindwa kuyafuata barabara. Herufi “s” za mwimbaji huanza kuchakaza sikio. Chapa hiyo moja ilikatwa kwa kutandaza albamu kwenye santuri mbili, mfuo hauisogelei lebo, na wimbo wa mwisho unasikika safi kama wa kwanza. Hiyo nitaibakiza. Tano zilizosalia sina hoja ya kuzitetea.

Mwaka 2022 ilijulikana kwamba kampuni moja ya Marekani, ambayo wanunuzi waliamini kwamba santuri zake hutengenezwa kwa njia ya analogi, yaani bila sauti kugeuzwa kuwa namba za kompyuta, tangu mkanda wa asili hadi mwisho, ilikuwa imetumia hatua ya dijitali kwa miaka kadhaa, na wasikilizaji wanaosifika kwa masikio makali hawakuwa wameigundua. Wakati ule nilikasirika pamoja na wengine. Leo, baada ya jaribio la ukutani, nakumbuka kwamba nami nilikuwa na mbili kati ya santuri hizo, nilizipenda, na nilizipenda kwa haki. Nilizichukia baada ya habari kutoka, bila kuzipiga tena. Zimo katika foleni ya mwezi ujao.

16 Machi — zimesikilizwa 72

Hakuna maendeleo. Sijawasha mashine kwa wiki tatu. Naandika ili pengo hili lisifichwe.

6 Aprili — zimesikilizwa 87

Nimerudi, na nimerudi kwa kupitia usafi na vipimo, si kwa kupitia muziki. Nilikuwa nimeona katika daftari kwamba sentensi zangu za Februari zinarudia neno moja: “inachosha”. Nikajiuliza kama ni mimi niliyechoka au ni sauti yenyewe inayochosha. Nilichukua mizani ndogo ya sindano, ambayo sikuigusa tangu mwaka nilipobadilisha kichwa cha sindano, nikapima uzito wa sindano juu ya santuri. Mtengenezaji anashauri gramu 1.8. Mizani ilionyesha 2.6. Nilipochunguza kwa karatasi ya vipimo, nikaona pia kwamba kichwa chenyewe kimekaa upande, hakilingani na mfuo. Sindano yangu ilikuwa ikikwaruza badala ya kusoma, pengine kwa miaka miwili.

Marekebisho yalichukua alasiri moja. Kisha nikaosha santuri 15 kwa maji yaliyochujwa madini na brashi laini, nikaziacha zikauke zikiwa wima, na kuzirudisha katika bahasha mpya za ndani. Nne kati yake zilikuwa na ukungu mweupe uliosababishwa na bahasha za plastiki laini ya zamani, aina ambayo hutoa kemikali polepole na kuacha alama kwenye vinaili. Ukungu huo hautoki kwa kuosha, na sauti yake ni mvumo usiokatika.

Imenipasa kukiri kwamba sehemu ya kile nilichokiita kupoteza hamu ilikuwa mashine iliyokaa vibaya. Mtu anayekula kila siku chakula kilichoungua ataacha kupenda kula, naye hatajua ni kwa nini. Lakini ni sehemu tu. Kifurushi cha Novemba hakikufunguliwa kwa sababu ya gramu 0.8.

11 Mei — zimesikilizwa 129

Nimefika kwenye zile 97 za ndani ya plastiki, na nimefungua 31. Nyingi nilizinunua katika miaka mitano iliyopita, na daftari la manunuzi linaonyesha sababu waziwazi: zilikuwa toleo la nakala chache, vinaili ya rangi, au zimetolewa kwa ajili ya Record Store Day, siku iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2008 ili kuyasaidia maduka huru ya santuri. Sikuzifungua kwa sababu kuzifungua kungezipunguzia thamani. Nilikuwa mlinzi wa ghala.

Nakumbuka pia Februari 2020, kiwanda cha Apollo Masters kilipoungua huko California. Kiwanda hicho kilitengeneza sahani za alumini zilizopakwa lakeri (aina ya vanishi), ambazo juu yake mfuo wa kwanza hukatwa kabla ya kutengeneza vyuma vya kuchapia, na baada ya moto ule ulimwengu ulibaki ukitegemea zaidi mtengenezaji mmoja wa Japani. Habari hiyo ilinitia hofu kwamba santuri zitaadimika, nami mwezi huo nilinunua 23. Santuri hazikuadimika. Mwaka 2022 nchini Marekani ziliuzwa milioni 41, zikazipita CD kwa idadi ya nakala kwa mara ya kwanza tangu 1987. Kati ya zile 23 za hofu, nilikuwa nimefungua 6.

Plastiki yenyewe haikuwa kinga. Santuri tatu zimepinda ndani ya jalada lisilofunguliwa, kwa kuwa plastiki hukaza kadiri muda unavyopita na kulikunja jalada pamoja na kilichomo. Moja inapanda na kushuka kiasi kwamba sindano inaruka kwenye wimbo wa kwanza wa kila upande. Nilihifadhi kwa miaka minne kitu ambacho uhifadhi wenyewe ulikuwa ukikiharibu. Jambo hili limenisikitisha kuliko hasara ya fedha, kwa kuwa muziki wake ni mzuri sana na nimeusikia leo kwa mara ya kwanza, ukikatikakatika.

15 Juni — zimesikilizwa 170

Nimechora mistari miwili kwenye karatasi ya miraba: santuri nilizonunua kila mwaka, na mara nilizopiga santuri kila mwaka kadiri ninavyoweza kukumbuka na kukadiria. Miaka mitatu ya kwanza nilinunua 74 kwa jumla, na hizo 74 nazijua nyimbo kwa nyimbo, hata mahali pa mikwaruzo. Miaka mitatu ya mwisho nilinunua 221, na nyingi nimezitambua kwa majalada tu. Mstari mmoja unapanda huku mwingine ukishuka, nayo imekatana mwaka wa saba.

Mwaka wa saba ndio nilioanza kutumia orodha ya mtandaoni ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000 na ambayo leo ina kumbukumbu za mamilioni ya matoleo. Siilaumu, ni kazi kubwa ya watu wenye bidii, na nimejifunza mengi humo. Lakini kabla yake, kutafuta kulikuwa kuinamia masanduku bila kujua nitakutana na nini, vidole vikiwa vyeusi kwa vumbi, na mara nyingi niliondoka na kitu ambacho sikukijua kabla ya siku hiyo. Baada yake nilijua kila kilichopo, namba yake, mwaka wake, hali yake. Orodha yangu ya vitu ninavyovitaka ilifika 212. Kila nilichonunua kilikuwa kimeshaamuliwa zamani, na kununua kukawa kuweka alama ya vema. Nadhani hamu haikufa mwaka jana. Ilianza kuondoka siku niliyojua ninachokitafuta, nami nikaendelea kununua kwa mazoea kwa miaka saba mingine.

Leo nimeifuta orodha ile. Nilikaa nayo muda mrefu, nikiisoma jina baada ya jina, na kulikuwa na majina nisiyokumbuka hata kwa nini niliyaandika. Sikufurahi wala sikujisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu anayefunga nyumba aliyokaa.

20 Julai — zimesikilizwa 213

Mpwa wangu amekuja kukaa nami siku nne. Ana miaka 19 na hajawahi kumiliki santuri. Nilimwachia achague jioni, nami nikaketi mbali kama kawaida. Alichagua kwa kupenda jalada tu, akapiga upande wa pili kwanza kwa bahati mbaya, na sikumsahihisha. Siku ya pili, akiwa ameshika santuri ambayo niliihesabu miongoni mwa hazina zangu, aliniuliza:

“Samahani, mjomba, hii unaipendea nini?”

Nilianza kumweleza kwamba ni chapa ya kwanza, kwamba lebo yake ilibadilika rangi mwaka uliofuata, kwamba nakala zilizo katika hali hii ni chache. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, “Sawa, mjomba. Na muziki wake?” Nikanyamaza. Niliisikiliza mwezi Mei na nimeiandikia sentensi moja, nami nilipoifungua sentensi hiyo baadaye, ilihusu ubora wa nakala.

Kuanzia sasa sentensi ya daftari hairuhusiwi kutaja chapa, lebo, rangi, uzito wala hali. Nimezirudia sentensi za santuri zote 213 kwa kipimo hicho, na 140 zimefaulu. Zile 73 nyingine nitazipiga mara ya pili kabla ya kuamua. Mpwa wangu aliondoka na santuri mbili, kwa kuazima. Nimeziandika.

24 Agosti — zimesikilizwa 261

Nimeanza kuachia. Marudio 44 yameuzwa kwa mkupuo kwa mkusanyaji aliye bado na moto, na niliona furaha yake alipokuwa akisoma zile namba za karibu na lebo. Niliitambua furaha hiyo, nikamtakia heri kwa dhati. Nyingine 19 nimewapa watu ambao najua watazipiga. Kosa moja nimefanya: niliuza chapa ambayo ndani ya jalada lake kulikuwa na karatasi ya maneno ya nyimbo iliyoandikwa pembeni kwa mkono wa mama yangu. Mnunuzi ameirudisha bila kuombwa mara mbili. Sasa kila jalada hufunguliwa na kutikiswa kabla ya kutoka.

Ubao wa chini haujanyooka.

28 Septemba — zimesikilizwa 302

Hamu ya kununua haijarudi, na sioni dalili kwamba itarudi. Nimepita mbele ya masanduku ya santuri mara mbili mwezi huu, sikuinama. Hilo limeniuma kidogo, kwa kuwa mtu yule aliyekuwa akiinama nilimpenda.

Kifurushi cha Novemba nilikifungua Jumatano, zamu yake ilipofika. Santuri ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili niliipiga upande wa kwanza, nikageuza, nikapiga wa pili, na ilipofika mwisho sindano ikabaki ikizunguka katika mfuo wa kuishia kwa muda nisioujua, kwa maana sikuwa nimeinuka. Kisha nikairudisha mwanzo, nikaisikiliza yote tena usiku uleule. Daftari langu halina safu ya kuandikia mara ya pili ya siku hiyohiyo, kwani nilipoliandaa mwezi Januari sikulifikiria jambo hilo. Nimeichora leo kwa rula. Zimebaki 236, na wiki ijayo naanza na herufi M.